Usalama wa Aina Mbili

Huguette Mbuyu alipata riziki yake kwa Kiingereza katika mji ambao watu wake walizungumza Kiswahili na Kifaransa. Alikisomea Lubumbashi, akarudi nacho Kolwezi, na sasa kilimpa kazi mbili. Mchana, kampuni moja ya mgodi ilipomhitaji, alikwenda kutafsiri mikutano kati ya wageni wake na wakazi wa mtaa wa Kalwisha. Jioni alifundisha katika chumba cha parokia, nyuma ya kanisa, mbele ya benchi zilizojaa wachimbaji, mafundi cherehani na madereva waliotaka kwenda kupakia mizigo Zambia. Kazi ya mchana ilimpa heshima mtaani. Ya jioni ndiyo aliyoipenda.

Kalwisha ulikuwa mtaa wa nyumba za matofali ya kuchoma na mabati, na ulikuwepo kabla kampuni haijafika. Nyuma yake kilisimama kilima ambacho hakikuumbwa pamoja na nchi. Malori ndiyo yaliyokijenga, yakimwaga mwaka baada ya mwaka mawe na udongo wa mgodini usiokuwa na shaba ya kutosha. Wenyeji walikiita remblai, kwa Kifaransa cha migodini. Chini yake ilipita njia nyembamba ya miguu, na mwisho wa njia hiyo, kando ya kijito, akina mama walikuwa na bustani zao za kabichi, lengalenga na vitunguu.

Mvua zilipokaribia kwisha mwaka ule, watu waliona nyufa kule juu. Kisha siku moja mawe yakaporomoka mpaka njiani. Hayakumpata mtu, lakini tangu hapo akina mama waliiacha njia ile. Wakawa wanazungukia barabara kuu ya lami, mabeseni kichwani, huku malori ya madini yakiwapita karibu kabisa na kuwamwagia vumbi jekundu. Ilikuwa mbali, na kila aliyerudi alirudi analalamika.

Ndiyo maana mkutano wa Jumamosi ulijaa. Ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kampuni ilimtuma enjenia wake, bwana Harding, mtu mrefu mwenye masikio yaliyoungua kwa jua, asiyejua Kifaransa zaidi ya salamu. Alieleza mambo mengi: uzio mpya wa waya, taa, vibanda vya walinzi, geti lililohamishwa. Huguette alisimama kando yake na kutafsiri, sauti yake ikienda vizuri, watu wakimsikiliza bila minong'ono. Alijua kwamba siku ile anafanya kazi yake vema, na kujua huko kulimpendeza.

Mwishoni alisimama mama Tshiamala. Alikuwa mwanamke mnene, muuza mboga, ambaye sauti yake sokoni ilisikika kabla hajaonekana.

"Sisi tunataka kujua kitu moja tu," alisema. "Ile njia ya ku bustani. Tunaweza kupita, ao hapana?"

Jua lilikuwa kali, na bwana Harding alikwisha kutazama gari lake mara kadhaa. Huguette akalifupisha swali. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba akina mama wanauliza habari za njia iliyo chini ya remblai.

Bwana Harding aliitikia kwa kichwa. "Tell them the area is secure," alisema. "We have secured the whole perimeter."

Huguette akawageukia watu. "Anasema pale kuko salama," alisema. "Wameweka usalama pande zote."

Mama Tshiamala alipiga kigelegele. Wengine wakapiga makofi, na bwana Harding, akidhani anashukuriwa kwa uzio, aliinua mkono na kutabasamu. Siku iliyofuata, baada ya misa, akina mama walirudi kwenye njia yao.

Jumanne jioni darasani, mwanafunzi mmoja aliyeitwa Kitenge aliinua mkono kabla somo halijaanza. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana, ametoka Kasai miaka mingi nyuma kuja kuchimba kwa mikono, na sasa alitaka kuajiriwa kwenye mgodi wenye mshahara.

"Madamu, kuko maneno inanisumbua," alisema. "Ku geti ya mgodi kuko bantu ba aina mbili. Bamoja banavaa gilé ya kijani, imeandikwa SAFETY. Bengine banavaa nguo nyeusi, imeandikwa SECURITY. Mi niliuliza kwa Kifaransa, banasema yote ni sécurité. Kwa Kiswahili yote ni usalama. Sasa Bangereza banapenda tu kuandika kitu moja mara mbili?"

Darasa likacheka. Huguette naye alicheka, kwa sababu hakuna kitu kilichomfurahisha kama swali la namna hiyo. Akaliweka kando somo alilokuwa amelitayarisha, akaandika ubaoni maneno mawili makubwa: safe, secure.

"Tuyarudishe kwanza kwenye hali ya sifa," alisema. "Safe ni mtu au mahali ambapo madhara hayafiki. The child is safe. Secure ni kitu kilichofungwa, kilichokazwa, kilichowekewa ulinzi, hakifunguki ovyo wala hakichukuliwi. The door is secure. Mzigo juu ya lori, ukiwa umefungwa kamba vizuri, is secure."

Mignonne, fundi cherehani aliyekaa benchi la mbele, alikunja uso. "Sasa madamu, mlango wangu ikiwa secure, mi niko safe?"

"Mara nyingi, ndiyo. Lakini tuseme umelala ndani, mlango umefungwa kwa kufuli mbili, na nyumba inashika moto."

Mignonne alifikiri kidogo. "Basi mlango iko secure kabisa," alisema, "na mi nimekwisha."

Wakacheka tena. Huguette aliendelea, chaki ikikimbia ubaoni. Aliwaonyesha kwamba secure lina tabia moja ambayo safe halina: linaweza kugeuka kitenzi. Secure the door, kaza mlango. He secured the load, alifunga mzigo. Safe halikubali. Mwingereza hasemi safe the door hata umpige fimbo. Atasema make it safe. Na save, lenye herufi v, ni kuokoa, ni habari nyingine. Kisha akawaonyesha upande wa pili, kwamba safe nalo lina mlango ambao secure haliwezi kuupitia. Baada ya safe unaweza kuweka to na kitenzi. It is safe to drink this water. It is safe to cross. Maji haya yananyweka bila hofu. Hapa panavukika bila hofu.

"Na it is secure to cross?" aliuliza Kitenge.

"Hapana. Hiyo Mwingereza hasemi. Secure inaeleza waya, kufuli, ukuta, mlinzi. Haikuambii wewe utakuwaje ukipita." Akafuta mikono. "Haya. Kila mtu atunge sentensi mbili, moja ya kila neno."

Wakainamia madaftari yao. Kitenge ndiye aliyemaliza kwanza. Alisimama wima kama mtu anayeapa, akasoma polepole, "The rope is secure. The hole is not safe."

Wenzake walimpigia makofi. Akaongeza kwa Kiswahili, kwa ajili ya wale ambao hawakushika: "Kamba nilifunga mi mwenyewe, haiwezi kutoka. Lakini shimo, udongo wake, nani anaujua?"

Huguette aligeuka kuziandika sentensi zile ubaoni. Aliandika ya kwanza yote. Alipofika katikati ya ile ya pili, mkono wake ukasimama.

Sauti iliyomjia masikioni haikuwa ya Kitenge. Ilikuwa ya bwana Harding, pale uwanjani. Area is secure. We have secured. Mara moja kama sifa, mara moja kama kitenzi. Alikuwa ameyasikia maneno yote mawili kwa masikio yake na kuyatia yote katika neno moja la Kiswahili ambalo lina nafasi ya kutosha kuyabeba. Lakini akina mama hawakuuliza habari za waya. Waliuliza kama panapitika. Na safe to, bwana yule hakuitamka hata mara moja.

Darasa likamtazama mgongoni.

"Mignonne," alisema bila kugeuka, "wewe si unakaa Kalwisha?"

"Ndiyo, madamu."

"Akina mama wanapita wapi sasa kwenda bustani?"

"Ku njia ya zamani. Bote. Tangu useme iko salama."

Hakusema tangu mzungu aseme. Alisema tangu useme. Huguette akamaliza kuandika sentensi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanaingoja, akawapa kazi ya nyumbani, akafunga darasa mapema.

Nyumbani mumewe René, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa ameshakula bukari, yaani ugali, na samaki na kumwekea sehemu yake chini ya sahani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwani kilima kimeanguka?" aliuliza.

"Hapana."

"Labda hakitaanguka."

"Labda."

René alichezea kijiti cha meno. Hakuwa mtu mbaya, wala mwoga. Alikuwa anafikiria kazi ya mkewe. "Ukienda kusema ulikosea, kampuni itatafuta mtu mwingine wa kutafsiri. Na watu ba Kalwisha batakuita mwongo. Utapoteza huku na kule. Ungempigia mzungu kwanza, aseme yeye."

Huguette alikuwa ameshaliwazia hilo njiani, kwenye pikipiki. Alikuwa amewaza hata jambo baya zaidi: kwamba hakuna mtu Kalwisha ajuaye Kiingereza cha kutosha kumgundua. Angeweza kukaa kimya, na kosa lingebaki ndani ya neno usalama kama mchanga ndani ya mchele, mpaka siku mtu alitafune, au asilitafune kamwe. Wazo lile lilimtia aibu kuliko kosa lenyewe.

"Mzungu nitampigia," alisema. "Lakini akina mama wanaondoka alfajiri, na yeye anaamka saa mbili."

Akampigia simu tata Ngoy, mkuu wa mtaa wa Kalwisha, mzee wa zamani wa ofisi ya reli, aliyepokea akiwa bado anatafuna. Tata Ngoy alimsikiliza, akavuta pumzi, akasema, "Mama Huguette, haya maneno usiyaseme na simu yangu. Uyaseme na kinywa yako. Kuja asubuhi, nitasimama karibu yako."

Kulipopambazuka walikuwa wamesimama pale njia inapoachana na nyumba za mwisho. Ubaridi wa mwanzo wa kiangazi ulikuwa umeingia, na Huguette alijifunga kitenge cha pili mabegani. Mbele yao remblai ilikuwa ya kijivu, kubwa, haina hata mti. Juu kabisa uzio mpya uling'aa, na ndani ya kibanda mlinzi alikuwa anapasha mikono moto. Kila kitu kule juu kilikuwa kimekazwa vizuri.

Akina mama walikuja kwa kundi, majembe na mabeseni, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Mbele alikuwa mama Tshiamala. Alipomwona Huguette alifurahi.

"Mama mutafsiri! Leo unakuja kulima na sisi?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuwaambia neno." Huguette alikuwa ametayarisha maelezo marefu usiku, lakini alipowaona wamesimama na mizigo kichwani yote yakamtoka. "Jumamosi nilikosea. Yule bwana hakusema kuko salama kupita. Alisema pamefungwa, pamewekewa ulinzi. Ni mimi niliyesema salama."

Mama mmoja akashusha beseni lake chini.

"Pamefungwa," alirudia mama Tshiamala. "Na nini? Juu ya sababu gani?"

"Waya, taa na walinzi. Ili watu wasiingie kuiba."

"Kwa hiyo ile ndiyo usalama yao." Aliitazama ile waya kule juu. "Banajilinda na sisi. Na ile kilima, nani anatulinda nayo?"

"Hilo hakulijibu, mama. Na mimi sikumuuliza vizuri. Swali lako nililikata."

"Ulilikata."

"Nililikata. Jua lilikuwa kali, nikaona nifupishe."

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, jina lake Princesse, alikasirika waziwazi. Alisema kwamba tangu Jumapili amepita pale na mtoto huyu mara nyingi, akimwimbia. Alisema watu wenye masomo huwa wanaongea tu, maneno yao hayana uzito kwao kwa sababu hawabebi kitu kichwani. Huguette hakujitetea. Machozi yalimkaribia, akayazuia, akijua kwamba akilia watalazimika kumbembeleza, na haikuwa haki wao wambembeleze.

Tata Ngoy akakohoa. "Amekuja mwenyewe," alisema. "Hakuna aliyemwita."

"Kweli," mama Tshiamala alisema, lakini hakuwa ameridhika bado. "Na kabichi zangu? Nimezimwagia maji juzi. Leo zikikosa, zinakauka."

Baadhi yao waligeuka polepole kuifuata barabara ya lami. Mmoja, msichana mwembamba ambaye Huguette hakumjua jina, hakugeuka. Alisema bustani yake iko mwanzoni tu, na mvua zimekwisha, na mawe hayaanguki bila mvua. Akakaza nguo kiunoni, akaingia njiani. Wote walibaki wamesimama wakimtazama. Alikwenda upesi, bila kukimbia, akiwa mdogo chini ya ule mteremko, mpaka akatokea upande wa pili na kuinua jembe lake juu. Hapo ndipo pumzi zilipowatoka, na mama Tshiamala akatukana kwa Kiluba.

"Tunaenda kumuuliza yule bwana," alisema kisha. "Sasa hivi. Na wewe utatafsiri, lakini hutakata kitu."

"Sitakata kitu."

Getini iliwabidi wangoje mpaka jua likapanda. Huguette alikuwa amempigia bwana Harding, naye akatoka kwa miguu, kikombe cha kahawa mkononi, kofia ngumu imekaa upande. Akawaona tata Ngoy, mama Tshiamala na akina mama wengine wachache wamekaa juu ya mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, akaonekana kushangaa.

Huguette alimweleza kwa Kiingereza alichokifanya. Hakupunguza. Kisha akamwambia, "Mama huyu anakuuliza tena swali lile la Jumamosi, na leo nitalileta lote. Is it safe to walk on that path?"

Bwana Harding alikitazama kikombe chake. "I said it was secure," alijibu.

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza kama ni safe."

Alikizungusha kikombe mkononi, na hapo Huguette aliona jambo ambalo hakulitarajia. Mtu yule hakuwa anatafuta uongo. Alikuwa anajiuliza mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kwake neno secure lilikuwa neno la kazi, analolisema kila siku kwenye taarifa zake kama mtu anavyosema amina. Alikuwa amelitoa mfukoni siku ile kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"I look after fences," alisema hatimaye, akaendelea kwa Kiingereza chake. "Mimi nashughulika na uzio na mageti. Mteremko ule sijaupima. Siwezi kusema ni salama."

Huguette akaligeukia kundi. Akatafsiri neno kwa neno, hata lile la uzio na mageti. Mama Tshiamala alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayeonja mboga.

"Muulize," alisema. "Mtoto wake yeye anaweza kumpitisha pale?"

Huguette akauliza. Bwana Harding aliwatazama akina mama, akamtazama mtoto wa Princesse aliyelala mgongoni mdomo wazi.

"No," alisema.

Hilo hawakungoja litafsiriwe.

Yaliyofuata hayakwenda upesi wala hayakwenda vizuri yote. Bwana Harding aliingia ndani kumpigia mkubwa wake, akakaa sana. Mkuu wa uhusiano wa kampuni, bwana mmoja wa Kinshasa mwenye viatu vya kung'aa, alitoka akamwita Huguette pembeni. Kwa Kifaransa kizuri alimwuliza kwa nini ameleta watu getini badala ya kupitia ofisini kwake. Akamwambia mfasiri ni mdomo, si kichwa. Huguette akamjibu kwamba Jumamosi alikuwa kichwa bila ruhusa, na sasa anajaribu kurudi kuwa mdomo. Bwana yule hakucheka. Alisema watampigia watakapomhitaji.

Hata hivyo mkutano wa pili ulifanyika juma lile lile, uwanja uleule, na kampuni ikamleta mtu mwingine, mwanamke aliyepima miteremko, ambaye alitembea juu ya remblai siku nzima na mashine yenye miguu mitatu. Mfasiri alikuwa kijana kutoka Fungurume. Huguette alikaa miongoni mwa watu, kwenye benchi ya wanafunzi iliyokuwa fupi mno kwake. Mwanamke yule alisema kwa ufupi kwamba upande wa mashariki, ule wa njia ya bustani, si salama kupita, wala kiangazi wala masika, na kwamba kazi ya kuulaza mteremko itachukua miezi. Kijana wa Fungurume alitafsiri vizuri. Alipofika kwenye neno salama alisita kidogo, akamtafuta Huguette kwa macho kati ya watu, naye akamwitikia kwa kichwa.

Mama Tshiamala akasimama. Kama hakuna njia chini ya kilima, alisema, na njia ya lami ina malori, basi kampuni ifungue njia ya tatu. Hakuuliza kama wanaweza. Aliuliza lini.

Tingatinga lilikuja baada ya majuma kadhaa ya ahadi na simu za tata Ngoy. Liliparua njia mpya upande wa pili wa mtaa, kupitia kwenye nyasi na vichuguu, ikashuka mpaka kijitoni bila kugusa remblai wala barabara. Njia ya zamani ilizibwa kwa mawe makubwa. Yule msichana mwembamba aliendelea kupita juu ya mawe kwa siku chache, kisha naye akaacha.

Kampuni haikumpigia Huguette mwezi ule, wala uliofuata. René alikubali kazi za ziada za mageti na kurudi nyumbani akinuka chuma. Siku nyingine Huguette alikaa ukumbini na simu mapajani, akijidanganya kwamba anasoma. Alikuwa ameizoea heshima ile ya kusimama katikati ya watu wawili wasioelewana, wote wakimtegemea, na ilimuuma kuikosa. Lakini darasani wanafunzi waliongezeka. Mignonne alikuwa amesimulia habari zote huko Kalwisha, kwa namna yake, na watu walikuja kumwona madamu ambaye alisimamisha somo kwa sababu ya neno.

Asubuhi moja ya Jumamosi mama Tshiamala alipita kwake kumchukua. Hakueleza wanakwenda wapi. Walishuka pamoja kwa njia mpya, ambayo bado ilikuwa na alama za meno ya tingatinga, akina mama wengine mbele yao wakiongea juu ya ndoa ya mtu fulani wa Mutshatsha. Princesse alikuwemo. Alimsalimu Huguette kwa upole, si kwa furaha, akaendelea na mwendo wake.

"Bado ana roho nzito," alisema mama Tshiamala. "Muache. Itashuka."

"Ana haki."

"Haki anayo. Na mi pia nilikuwa na hasira, usifikiri. Ila kabichi zilinichosha, sikupata muda." Akabadilisha beseni mkononi. "Hii njia ni ndefu. Miguu inaniuma. Waliambiwa wapitishe karibu na ule mti mkubwa, hawakusikia."

"Tutawaambia."

"Utawaambia na Kiingereza gani? Si wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Hawajanipigia tu."

"Aa," mama Tshiamala alisema. "Hayo nayo ni maneno mawili."

Huguette alicheka mpaka akasimama. Akina mama wa mbele wakageuka kuona kuna nini, wakaona hakuna kitu, wakaendelea na ndoa yao. Bustanini kijito kilikuwa kimepungua, maji yamekuwa membamba na ya kuonekana mpaka chini. Mama Tshiamala alimpa jembe la mpini mfupi, akamwonyesha tuta la vitunguu lililojaa magugu, akamwambia aanzie kule mwisho na asikate mizizi.